Mlevi, Mwendawazimu, na Yule Aliye Wote Wawili



Anayesoma Fiqhi hukutana na watu wawili kwenye mlango wa swala. Wa kwanza ni mwendawazimu. Kalamu imeinuliwa juu yake, kama ilivyoinuliwa juu ya aliyelala mpaka aamke na mtoto mpaka abaleghe, kwa hadithi mashuhuri waliyoipokea Abu Dawud, Tirmidhi na wengine. Swala zilizompita wakati wa wazimu halipi. Wa pili ni yule aliyejilewesha kwa hiari yake. Huyu kalamu haikuinuliwa. Akizindukana atazilipa swala zote, na kwa kauli ya wanazuoni wengi hata talaka aliyoitamka akiwa chakari inahesabika. Mmoja anasamehewa, mwingine anabebeshwa, na kwenye mtihani unaandika tofauti zao katika jedwali la safu mbili.

Jedwali hilo limenisumbua tangu mwaka wa pili, kwa sababu watu wengi niliowaona mtaani na hata hapa chuoni hawaingii kwenye safu moja. Nilipotakiwa kuchagua mada ya utafiti wa shahada, nikachagua mtu ambaye ni wote wawili: mraibu wa bangi, mairungi au pombe ambaye pia ana maradhi makubwa ya akili. Nilimpelekea msimamizi wangu mpango uliojaa majina ya vitabu vya Kiarabu. Alinirudishia na sentensi moja kwamba hukumu ya jambo ni tawi la kulielewa jambo lenyewe, kwa hiyo nikamweleze kwanza kwa nini watu hawa ni wengi hivi. Ndivyo mwanafunzi wa Masomo ya Kiislamu alivyojikuta akisoma habari za ubongo wa panya kwa semista nzima. Makala hii ni sehemu ya niliyoyapata.

Tuanze na wingi wao. Huko Marekani, mwaka 1990, yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu 20,291, wakiongozwa na daktari Darrel Regier. Katika jumla ya watu wote waliohojiwa, karibu asilimia 17 walikuwa wamewahi kuwa na tatizo la pombe au dawa za kulevya maishani mwao. Kwa wenye skizofrenia, yaani maradhi ambayo mtu husikia sauti asizosikia mwingine na kuamini mambo yasiyokuwepo, idadi hiyo ilipanda hadi asilimia 47. Kwa wenye maradhi ya kupanda na kushuka kwa hisia ilizidi nusu. Tofauti kama hiyo haiji kwa bahati. Kuna kamba inayoyafunga mambo haya mawili, na mabishano yote ni juu ya kamba hiyo imefungwa wapi.

Jibu utakalolisikia haraka zaidi, barazani na msikitini, ni kwamba bangi ndiyo iliyomharibu. Tusilidharau. Mwaka 1987 watafiti wa Sweden wakiongozwa na Sven Andréasson walichapisha habari za vijana 45,570 walioandikishwa jeshini na kufuatiliwa kwa miaka 15. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 kabla ya kuandikishwa walipata skizofrenia mara sita zaidi kuliko wasiovuta. Kabla ya hapo, mwaka 1958, daktari Connell wa Uingereza alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya watu waliotumia amfetamini wakaanza kuona wanafuatwa na kusemwa, hali isiyotofautika kirahisi na skizofrenia. Kwa sisi wa Uganda jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa kathinoni iliyomo ndani ya mairungi ni ndugu wa karibu wa amfetamini. Ndiyo maana majani yale hufungwa kwenye migomba na kukimbizwa barabarani kama mgonjwa mahututi: yakikauka, kathinoni inapungua na mteja anaona ameuziwa majani ya mbuzi.

Lakini rudi kwenye hesabu ya Sweden uitazame vizuri. Wengi wa waliovuta zaidi ya mara 50 hawakuugua skizofrenia. Na wengi wa waliougua hawakuwa wavutaji wa kiasi hicho. Kwa hiyo bangi inaongeza hatari, na kwa kijana aliye dhaifu upande huo inaweza kuwa ndiyo msukumo wa mwisho, lakini haitoshi kueleza kila kitu.

Jibu la pili linageuza mshale. Linasema mtu huanza kuumwa kwanza, kisha anajitibu. Daktari Edward Khantzian aliliandika kwa nguvu mwaka 1985: mtu hachagui kilevi ovyo, anakichagua kile kinachogusa maumivu yake. Asiyelala anatafuta cha kumlaza, aliyepoa moyo anatafuta cha kumwamsha.

Nilikaa hosteli na ndugu mmoja ambaye maisha yake yanalingana na jibu hili, angalau kwa maneno yake mwenyewe. Familia yake ilisema aliharibiwa na njaga na marafiki wa mjini. Yeye alisema sauti zilianza akiwa kidato cha nne, kabla hajashika chochote, na kwamba akivuta zinasogea mbali kidogo, kama redio ya jirani iliyofungiwa mlango. Nani alikuwa mkweli? Nadhani wote wawili. Maradhi haya huanza polepole, mwaka mzima au miaka kabla ya siku ambayo watu wanagundua, na siku hiyo watu huangalia mkononi mwake ana nini.

Hapa nilikumbuka aya ya 219 ya Suratul Baqara, ambayo kila mmoja wetu ameisoma. Kabla ya pombe kuharamishwa moja kwa moja, Allah alitaja kwamba ndani yake na ndani ya kamari kuna dhambi kubwa na kuna manufaa kwa watu, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa. Wafasiri wengi waliyaeleza manufaa hayo kuwa ni faida ya biashara na ladha, na wengine wakataja manufaa ya mwili. Lililo muhimu kwangu ni kwamba Qur'ani haikuanza kwa kumwambia mlevi kwamba hapati kitu. Anapata kitu. Sisi tunaotoa mawaidha mara nyingi tunaanza kwa kukikana kile anachokipata, naye anatuona hatujui tunachosema, na mazungumzo yanafia hapo.

Hata hivyo jibu la kujitibu lina mashimo yake. Kama ni dawa, mbona wengi wa wanaoitumia wanazidi kuugua, wanarudi hospitali mara nyingi zaidi, na bado hawaachi? Na kwa nini wenye skizofrenia huchukua chochote kilichopo karibu: tumbaku mahali penye tumbaku, waragi mahali penye waragi, vichangamshi ambavyo vinazichochea sauti badala ya kuzituliza? Mgonjwa wa malaria hanywi kila chupa iliyo dukani.

Jibu la tatu ndilo lililonikalisha usiku, na ndilo lililonifikisha kwenye panya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Barbara Lipska na Daniel Weinberger waliwachukua panya wachanga wa siku saba na kuharibu sehemu ndogo ya ubongo iitwayo hipokampasi, upande wake wa chini. Panya hao walikua kama wenzao. Walipobaleghe, na si kabla, ndipo tabia zao zilipoanza kuharibika kwa namna inayofanana na skizofrenia kwa mambo kadhaa. Kasoro ilikuwepo tangu utotoni, imelala, ikisubiri umri. Baadaye R. Andrew Chambers na David Self waliwapa panya wa aina hiyo nafasi ya kujidunga kokeni kwa kubonyeza kitufe. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Panya wenye kasoro walijifunza upesi zaidi kujidunga, na walipozuiwa ilikuwa vigumu zaidi kwao kuachana na kitufe.

Fikirieni maana yake. Panya hasikii sauti za kumtukana. Hajui kwamba anaumwa, hana huzuni ya kufukuzwa kazi, hana marafiki wabaya wa mjini. Hakuna aliyemwambia kwamba kokeni itampunguzia chochote. Lakini ubongo uleule ulioharibika kwa namna ya skizofrenia ndio ulioshikwa na uraibu haraka. Chambers na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2001, walipendekeza kwamba uraibu kwa watu hawa ni sehemu ya maradhi yenyewe, unatoka kwenye shina lile lile. Hipokampasi na gamba la mbele la ubongo ndivyo vinavyotia breki kwenye njia ya dopamini, ile inayotufanya tukitamani kitu na kukirudia. Breki ikiwa mbovu, sauti zinaingia na tamaa haizuiliki, vyote kwa mlango mmoja.

Panya ni panya, najua, na maisha ya mwanadamu hayamalizwi kwa kitufe. Ila tafiti za jeni za miaka ya karibuni zinaelekea upande huo huo: baadhi ya jeni zinazoongeza hatari ya skizofrenia huongeza pia uwezekano wa mtu kutumia bangi. Na mateso ya utotoni, kupigwa, kutelekezwa, kukimbia vita, yanaongeza vyote viwili. Mimi naliona jibu hili la tatu kuwa na nguvu kuliko mengine, na halifuti yale mawili ya kwanza. Ardhi ni moja, na juu yake mimea miwili inalishana.

Jambo la umri lisitupite hivi hivi. Kwa wanaume, skizofrenia mara nyingi hujitokeza kati ya miaka ya mwisho ya ujana na katikati ya ishirini na kitu. Kwa wanawake huchelewa kidogo. Gamba la mbele la ubongo nalo linamaliza kukomaa karibu na umri huo huo. Na ndio umri ambao kijana anapewa ada, chumba na uhuru, anakutana na kundi la mairungi usiku wa kuamkia mtihani. Wanaosoma makala hii karibu wote wamo humo.

Kuhusu mairungi tuna ushahidi wa karibu na nyumbani, hasa kwa ndugu zetu wa Kisomali tunaosoma nao. Huko Hargeisa, Michael Odenwald na wenzake walifanya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wa watu 4,854, wakauchapisha mwaka 2005. Waliokutwa na maradhi makali ya akili walikuwa wakitafuna zaidi ya wenzao wazima, na walianza kutafuna wakiwa wadogo zaidi. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwa waliowahi kuwa wapiganaji. Majibu yote matatu yanaonekana hapo kwa pamoja: jani linalochochea, vita vinavyoacha majeraha yanayotafutiwa kitulizo, na watu ambao tangu mwanzo breki zao zilikuwa dhaifu. Ukimuuliza mmoja wao kilianza kipi, unamwuliza swali ambalo halina jibu moja.

Na wanazuoni wetu je? Ibn Hajar al-Haytami, Mshafi mkubwa aliyeishi Makka na kufariki mwaka 974 Hijria (1567), aliulizwa kutoka Yemen kuhusu mmea huu na akaandika risala, Tahdhir al-Thiqat min Akl al-Kufta wa al-Qat. Shida iliyomkabili ni kwamba waliowahi kutafuna walimpa habari zinazopingana. Huyu anasema unamchangamsha kwa ibada, yule anasema unamharibu mwili na akili. Hakutoa hukumu ya kukata ya uharamu. Alishauri uachwe kwa tahadhari. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilidhani mashahidi wake wengine walikuwa waongo. Baada ya kusoma habari za ubongo, nadhani walikuwa wakisema kweli, kila mmoja kuhusu kichwa chake. Jani moja linaingia kwenye vichwa viwili visivyofanana. Tatizo ni kwamba kijana wa miaka 19 hawezi kujua kichwa chake ni kipi mpaka ameshajaribu. Kwa maoni yangu hilo peke yake ni hoja nzito ya kuliacha, hata kwa asiyekubali kwamba ni haramu. (Sheria ya nchi nayo imeyumba: Mahakama ya Katiba ya Uganda iliibatilisha sheria ya dawa za kulevya Mei 2023 kwa kukosa akidi Bungeni, na Bunge likapitisha nyingine mwaka huo huo. Waliotafuna kwa kusherehekea hawakusherehekea sana.)

Sasa nije kwenye jambo ambalo linaweza kuua mtu. Vijana wa misikiti yetu wana moyo mzuri. Wakimwona ndugu amezama kwenye waragi, wanamchukua, wanamfungia chumbani, wanamnyima pombe na kumsomea. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu, akikatiwa pombe ghafla, anaweza kupata degedege siku moja au mbili za mwanzo. Kisha, mara nyingi kati ya siku ya pili na ya nne, baadhi yao wanaingia kwenye hali ya kutetemeka, homa, jasho na kuweweseka. Wanaona wadudu ukutani na watu wasiokuwepo, wanapiga kelele. Hapo msomaji anaona jini limedhihirika, na anaongeza kisomo na kumshikilia kwa nguvu. Hali ile ina dawa hospitalini, na bila dawa inaweza kumwua. Simkatazi mtu kusoma ruqya. Qur'ani ni shifaa, nami naisoma kwa wagonjwa. Lakini mabedui walipomwuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, aliwaambia wajitibu, kwa kuwa Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Soma ukiwa naye ndani ya gari la kuelekea hospitali.

Yule ndugu wa hosteli alipelekwa kwanza kwenye nyumba moja ya kurekebisha waraibu. Walipogundua anasikia sauti, wakasema hawashughuliki na vichaa. Kwingine alikopelekwa wakasema aache bangi kwanza miezi mitatu ndipo waangalie sauti. Alikuwa kama faili linalosukumwa kati ya ofisi mbili, kila ofisi ikisema mhuri uko kwa mwenzake. Mambo haya si ya kwetu tu. Marekani nayo kwa miaka mingi ilikuwa na milango miwili isiyosemeshana, mpaka watu kama Robert Drake na wenzake wa Dartmouth walipoanza, kuanzia miaka ya 1980, kuonyesha kwamba timu moja lazima itibu yote mawili kwa wakati mmoja. Ukilifahamu lile jibu la tatu, hili halikushangazi. Kumwambia mtu atengeneze kwanza breki ya gurudumu la kushoto ndipo utazame la kulia, wakati breki ni moja, ni kumrudisha barabarani vile vile.

Nikarudi kwa msimamizi na haya yote, naye akanirudisha kwenye vitabu. Nikakuta kwamba lile jedwali la safu mbili ni letu sisi wanafunzi. Wanazuoni walikuwa wameshaona mtu wa tatu. Katika madhehebu ya Shafi, Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, 1277) anataja mtu aliyelewa kisha akaingiwa na wazimu. Hukumu yake: atalipa swala za muda ambao ulevi kwa kawaida hudumu. Muda uliozidi hapo, wa wazimu, halipi, ingawa wazimu ulimkuta akiwa kwenye maasi. Niliposoma mstari huo nilisimama nikatembea ndani ya maktaba. Hawakusema kwamba kwa kuwa alianza kwa kosa lake basi yote yaliyofuata ni kosa lake. Walikata mahali. Walihesabu saa za ulevi, na baada ya hapo wakamtazama kama mgonjwa mwingine yeyote.

Sisi tunafanya kinyume. Tukishajua kwamba kijana alivuta, kila kinachompata baada ya hapo, miaka kumi ya sauti na minyororo, tunakiandika kwenye hesabu ya ule msokoto wa kwanza. Familia nyingi za Kiganda zitamwonea huruma mulalu aliyerogwa, lakini mulalu aliyevuta njaga hapati hata uji. Linganisheni na yule Sahaba aliyepokelewa habari zake na Bukhari, Abdullah, aliyekuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.) na akiletwa mara kwa mara kwa kunywa pombe. Adhabu ilitekelezwa, hakuna aliyesema pombe ni halali kwake. Lakini mmoja wa waliokuwepo alipomlaani kwa jinsi anavyoletwa kila mara, Mtume alimkataza, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Mtu anayerudia kosa lile lile na huku anampenda Allah: hiyo ni maelezo ya mraibu niliyoyaona kuwa sahihi kuliko mengi ya kwenye majarida.

Yamebaki maswali ambayo bado nayaandika. Hukumu ya Nawawi inadhani kwamba ulevi una mwisho unaojulikana. Lakini kwa mtu anayetafuna kila siku kwa miaka sita na kusikia sauti kwa miaka minne, ulevi unaishia wapi na wazimu unaanzia wapi? Hapa naona faqihi hana njia ila kumwuliza daktari, kama anavyomwuliza kuhusu mgonjwa na swaumu. Na kuna suala la hiari. Aliyejilewesha kwa hiari ndiye anayebebeshwa. Je, aliyezaliwa na breki mbovu ana hiari kiasi gani siku ya kwanza, na kiasi gani siku ya elfu moja? Simwondolei taklifu mtu mwenye akili zake kwa sababu ya panya. Watu wengi wenye maradhi haya wanaacha, wakisaidiwa, na kuwaambia hawawezi ni kuwadhulumu. Nasema tu kwamba hiari ina vipimo, na vitabu vyetu, kwenye milango ya kulazimishwa na ya dharura, vina lugha ya kuvizungumzia.

Kwa wale ambao wana ndugu wa namna hii chumba cha pili na hawawezi kungoja nimalize utafiti, mambo machache ya leo. Butabika, Kampala, ndiyo hospitali ya taifa ya maradhi ya akili, na ina kitengo cha pombe na dawa za kulevya. Lakini hospitali za rufaa za mikoa nazo zina vitengo vya afya ya akili, kwa hiyo usimpandishe mgonjwa basi la usiku kama kuna msaada karibu. Mkifika, mwelezeni daktari vyote viwili, sauti na vilevi, bila kuficha kimoja kwa kumwonea aibu. Tajeni hata sigara: moshi wa tumbaku unalifanya ini liziondoe upesi baadhi ya dawa za akili, olanzapini mojawapo, na mvutaji akiacha ghafla kipimo kile kile kinaweza kumzidia. Asiache dawa kwa sababu ameona nafuu, wala kwa sababu amiri wa darsa amemwambia imani inatosha. Ramadhani ikikaribia amwone daktari mapema, hasa anayetumia lithiamu, maana mwili ukikauka maji dawa hiyo inapanda mpaka kuwa sumu; mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya aya ya 184 ya Baqara na hahitaji ruhusa ya wenzake wa chumbani.

Na mmoja wenu aende naye, akae naye kwenye benchi, arudi naye wiki ijayo. Swala zilizompita aziache kwanza. Daktari hatamwuliza habari zake. Atakapopona ataniuliza mimi, na mimi nitampeleka kwa msimamizi wangu.